Karatasi za Karanga

Mama hukunja karatasi kama wengine wanavyosuka ukili:
kona, zungusha, bana mkia, jaza.
Karanga za Kongwa zilizokaangwa kwa mchanga,
mia mbili, langoni mwa Chuo.
Karatasi hununua kwa kilo duka la fotokopi:
mitihani ya mwaka juzi, barua za madeni,
mahubiri ya wanafunzi wa Msalato yaliyochapwa vibaya.

Elkana Mafabi alipanga chumba chetu cha uani,
Myahudi wa Mbale, mweusi kuliko mimi,
na Ng'ong'ona nzima ilimwuliza jambo hilo mara mbili mbili.
Siku moja alimaliza karanga, akaikunjua karatasi
alambe chumvi. Akasita.
Herufi nne, kubwa, katikati ya ukurasa,
zimetota mafuta.
Akafuta vidole kwenye suruali. Akafuta tena.
Nikasema, tusomee basi.
Akasema, hili halisomwi.
Nikasema, sasa liliandikwa la nini?

Alicheka. Tukilifikia kwenye sala tunasema Bwana.
Nje ya sala tunasema Jina, Jina tu,
kama mtu anavyosema "yule"
na nyumba nzima ikajua ni nani.
Hata Kiswahili chake alikitoboa:
M-ngu, aliandika daftarini, na kistari
kama pengo la jino.
Silazimiki, alisema, ila daftari huchakaa,
na sitaki mimi ndiye niwe nimelitupa jalalani.
Pakiti kumi na tano alizihesabu tisa na sita:
kwao kumi na tano, ikiandikwa kwa herufi,
inabisha mlango wa Jina.

Mama alisikiliza yote akipepeta maganda.
Hakushangaa.
Baba mkwe wake aliitwa Mvula,
na kwa miaka thelathini na moja mama hajasema mvua.
Husema yale maji. Husema mgeni wa Desemba.
Mwaka wa njaa, kanisa zima likilia kwa sauti,
yeye aliomba "kile kitu", macho chini,
na hakuna aliyeuliza huko juu walielewaje.

Tangu hapo alichambua kabla ya kukunja.
Kiswahili anasoma kwa kidole, polepole.
Penye Mungu, kando.
Penye Bwana, ananiita: Bwana yupi huyu?
Bwana Afya, mama.
Huyo kunja.

Boksi la sabuni likajaa.
Elkana akasema, huzikwa, kama mtu.
Mbali na choo, akasema, kwa hiyo chini ya mzabibu uliokauka,
na ardhi ya Dodoma mwezi wa tisa haijui jembe,
tukaazima sururu.
Mama alitoa kanga yake ya zamani ya kufungia.
Jirani akachungulia uani: Msiba wa nani?
Wa karatasi, mama akajibu,
na jirani, asijue la kufanya, akaleta rambirambi elfu moja.

Elkana amehitimu, amekwenda zake.
Wiki iliyopita mama aliitwa baraza la kata,
kesi ya shamba la Hombolo.
Karani: Shamba hili ulipewa na nani?
Mama akanyoosha kidole dirishani, juu.
Karani akainama kuchungulia.
Bluu tupu, na tai mmoja.
Ningeweza kulitaja mimi, mjukuu, mdomo wangu hauna mwiko,
lakini karani alikuwa ameshaandika
Alipewa na Mungu,
herufi zote, hakuna pengo,
akagonga muhuri juu yake.

Njiani mama hakusema kitu hadi tulipofika darajani.
Faili lile, akauliza,
likichakaa, wao huwa wanalipeleka wapi?